Kutolewa kinyama cha ini kwa sindano: mwongozo kwa wagonjwa wa Lamu na Malindi

“Sista, baba ameambiwa ana uvimbe kwenye ini, watamtoa kinyama. Watampasua? Atalazwa? Tubebe nini?” Simu za namna hii hazinipiti wiki. Nyingine hutoka Lamu mjini, nyingine Faza au Mpeketoni, na nyingi hapa hapa Malindi. Nimefanya kazi miaka mingi kama muuguzi wa chumba cha picha, na maswali ni yale yale. Nimeona niyaandike majibu mara moja. Ukinipigia nitakwambia: soma kwanza, halafu tuongee.

Sindano yenyewe, inayotoa kipande kidogo cha nyama ya ini kikapimwe maabara, ni kazi ya dakika chache. Mambo huharibika kabla ya sindano au baada yake: picha imesahaulika nyumbani, dawa ya kuzuia damu isigande haikutajwa, chupa haina jina. Huko ndiko nitakakokaa zaidi. Daktari wako ndiye anayeujua mwili wako, kwa hiyo akikwambia tofauti na niliyoandika, mfuate yeye.

Je, sindano inahitajika kweli?

Si kila uvimbe unachomwa. Mtu mwenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, au aliyeishi miaka na homa ya ini B, akipigwa siti skani ya hatua kadhaa kwa dawa ya kontrasti, uvimbe wake unaweza kung’aa damu ya ateri inapoingia, kisha ukafifia kuliko ini linalouzunguka. Mwenendo huo ukionekana wazi, daktari anaweza kuiita saratani ya ini bila kutoa kinyama. Jipu la amiba hutibiwa kwa dawa, na likiwa kubwa hunyonywa usaha. Uvimbe wa maji unaotokana na tegu wa mbwa ukichomwa kiholela unaweza kuvuja na kumtia mgonjwa katika mshtuko wa mzio. Na ule wa mishipa ya damu, hemanjioma, mara nyingi huachwa ulivyo.

Kinyama hutafutwa picha zinapokuwa hazijakata shauri, au inapodhaniwa saratani imetoka kwingine, kwenye utumbo, kongosho au titi, ikaja kukaa kwenye ini. Hutafutwa pia pale ambapo dawa haiwezi kuchaguliwa bila aina ya ugonjwa kujulikana. Muulize daktari swali hili moja: “Jibu la kinyama litabadilisha nini katika matibabu?” Si utovu wa adabu. Daktari mzuri hulifurahia.

Kuna na ile hofu ya barazani, kwamba kansa ikichokolewa inatawanyika. Haikuanguka tu kutoka mbinguni. Kwa saratani iliyoanzia kwenye ini lenyewe, wagonjwa wachache, kama wawili au watatu kati ya mia, huota mbegu za ugonjwa kwenye njia ya sindano. Ndiyo sababu mojawapo ya kutochoma pale picha peke yake inapokuwa imetosha. Lakini nimewaona waliokimbia sindano kwa hofu hiyo, wakakaa miezi wakinywa mizizi, na waliporudi hakukuwa na la kuchagua tena.

Uwe na hivi kabla hujaondoka nyumbani

- Barua ya rufaa iliyogongwa muhuri, na kitambulisho.
- Usajili wa SHA ulio hai. SHA ndiyo bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024. Hakikisha michango imelipwa, na uulize kama kipimo chako kinahitaji idhini mapema.
- Picha zenyewe, kwenye CD au filamu, pamoja na ripoti zake.
- Majibu ya damu: hemogramu (hesabu ya chembe za damu), INR (kipimo cha damu inavyoganda), kundi la damu, na utendaji wa figo ikiwa utapigwa siti skani ya kontrasti.
- Dawa zote unazotumia, kwenye mfuko mmoja, hata za kienyeji.
- Mtu mzima wa kukusindikiza. Kijana wa darasa la saba hafai.
- Leso mbili, nguo pana ya kufunguka mbele, na pesa ya kulala usiku mmoja mjini.

Hatua kwa hatua

1. Piga simu kabla ya kusafiri. Ultrasaundi ya tumbo unaweza kuipata karibu, lakini kwa kinyama wengi huandikiwa kwenda Hospitali Kuu ya Pwani kule Mombasa, ile tunayoiita Makadara, au hospitali ya binafsi. Uliza mambo matatu: daktari wa picha hufanya kazi hii siku gani, mashine inafanya kazi wiki hii, na je, sindano ya biopsi, yaani ya kutolea kinyama, na chupa ya fomalini, dawa ya kukihifadhi, vipo au utatakiwa ununue? Nimewaona watu wametoka kisiwani alfajiri, boti hadi Mokowe, basi kupitia Witu na Garsen, kuja kuambiwa daktari yuko Jumatano.

2. Kusanya picha, si ripoti peke yake. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Ripoti ni maneno ya mtu mmoja aliyeona siku moja, na daktari atakayeshika sindano anataka kuona mwenyewe: uvimbe uko upande gani, umekaa karibu na mshipa gani au mfuko wa nyongo, na njia fupi iko wapi. Lazima aone pia sehemu ya ini isiyougua iliyo baina ya ngozi na uvimbe, kwa sababu sindano ikipita kwenye ini lisilougua kwanza, ini hilo husaidia kuziba damu. CD ikikwaruzwa haisomeki, kwa hiyo usiifunge pamoja na funguo. Filamu usiikunje, na usiiache juu ya dashibodi ya gari, jua la Malindi litaikunja kwa niaba yako.

3. Pima damu, kisha taja kila unachomeza. Kwa kawaida madaktari wanataka chembe sahani za damu, zile zinazoitwa pleteleti, zisipungue 50,000, na INR iwe chini ya 1.5 au 1.8 kutegemea hospitali. Majibu yawe ya karibuni, si ya mwaka jana. Warfarini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu isigande, mara nyingi husimamishwa siku 5 kabla, na aspirini hutegemea mgonjwa.

Angalia: usiziache mwenyewe. Mtu mwenye vali ya bandia ya moyo au aliyewekewa waya kwenye mshipa akiacha dawa bila mpango anaweza kupata kiharusi akiwa kwenye foleni. Daktari aliyekuandikia dawa na anayechoma sindano wazungumze.

Na dawa za nyumbani je? Zitaje zote. Habasoda, vidonge vya kitunguu saumu, mafuta ya samaki, ile chupa ya mganga isiyo na jina. Baadhi zinaweza kuchelewesha damu kuganda. Muguka, yale majani ya kutafuna, nao utaje, kwa kuwa hupandisha presha, na presha ikiwa juu sana siku hiyo utarudishwa.

4. Usiku wa kabla. Usile chochote muda wa saa 6. Ukipangiwa saa tatu asubuhi, chakula cha mwisho kisipite saa tisa usiku, ingawa ningekushauri ule cha jioni kisha uishie hapo. Maji matupu huruhusiwa hadi saa 2 kabla, yaani saa moja asubuhi. Chai ya maziwa ni chakula, na uji wa mgonjwa ni chakula pia, hata bibi akisema ni maji tu. Kidonge cha presha meza kwa tama moja la maji. Kwa wenye sukari, uliza kabla ya siku yenyewe: dawa ya sukari pamoja na tumbo tupu inaweza kukuangusha. Omba uwe wa kwanza kwenye orodha.

Kama ni Ramadhani, usijipangie mwenyewe. Mgonjwa na msafiri wana ruhusa yao. Muulize shehe wako kuhusu kulipa, muulize daktari kuhusu dawa, na usimfiche mmoja wao neno.

5. Ukifika. Utapewa fomu ya ridhaa. Isome, au usomewe kwa lugha unayoielewa, kabla ya kutia sahihi. Utawekewa kanula mkononi, utapimwa presha na mapigo, kisha utalala chali, mkono wa kulia juu ya kichwa ili mbavu zifunguke. Tumbo la juu na ubavu ndivyo vitakavyofunuliwa, vingine vinafunikwa kwa leso. Mama akitaka awepo muuguzi wa kike chumbani, aombe mapema, na asione haya. Asipoomba, hakuna atakayejua.

6. Fanyeni mazoezi ya pumzi. Hii ndiyo hatua inayodharauliwa kuliko zote. Ini hupanda na kushuka kila unapovuta hewa. Daktari huutazama uvimbe kwenye skrini ya ultrasaundi, akatafuta pumzi ambayo uvimbe umetulia mahali anapoufikia, na pumzi hiyo hiyo lazima uirudie sindano inapoingia.

Alikuja mzee mmoja wa Shela, mzamiaji wa kamba tangu ujana wake. Akaambiwa, “Shika pumzi.” Basi akajaza kifua kama anayeshuka pima tano. Ini likashuka nalo, uvimbe ukatoweka kwenye skrini, na daktari akabaki ameshika kifaa akitafuta.

“Ami, leo hatupigi mbizi,” akamwambia. “Toa hewa polepole, kama unapoza chai. Haya, tulia hapo hapo.”

Mzee akacheka, na kicheko kikamwaga hewa iliyobaki. Mara ya tatu akaipata, na uvimbe ukakaa katikati ya skrini kama umetiwa nanga. Kwa hiyo jizoeze nyumbani: vuta kawaida, toa taratibu, tulia ukihesabu hadi kumi. Ila siku yenyewe fuata atakavyokwambia daktari, maana wapo wanaotaka upumue tu kidogo kidogo.

7. Ganzi, kisha sindano. Ngozi itapakwa dawa ya baridi. Ganzi huuma kama nyuki kwa sekunde chache, halafu pale panakufa. Ile inayofuata utaihisi kama msukumo. Kisha utasikia “tak!”, kama kibiriti cha gesi cha jikoni. Hiyo ni springi ya sindano inayokata kinyama ndani ya nukta moja. Mwombe daktari akusikilizishe mlio huo kabla, nje ya mwili, ili usishtuke. Aliyeshtuka hujitikisa, na kujitikisa sindano ikiwa ndani ya ini ndiko tunakokuogopa.

Kipande hutoka chembamba kama uzi wa kushonea kofia, urefu wa sentimita moja au mbili. Kwa kawaida huchukuliwa viwili, vitatu au zaidi. Usihesabu milio ukadhani wamekosea.

Uvimbe usioonekana vizuri kwa ultrasaundi, au ulio nyuma ya utumbo, kwenye kongosho au tezi za karibu na uti wa mgongo, huweza kuchomwa chini ya siti skani. Hapo utaingizwa na kutolewa mashineni mara kadhaa huku sindano ikisogezwa kidogo kidogo. Inachukua muda zaidi, lakini taratibu ni zile zile.

8. Chupa. Msindikizaji, hii ni yako. Kinyama huwekwa kwenye fomalini mara moja, na fomalini iwe angalau mara kumi ya ukubwa wa kinyama. Jina liandikwe kwenye mwili wa chupa. Wanaoandika kwenye kifuniko husahau kwamba vifuniko hubadilishana. Liwe jina kamili, namba ya hospitali, tarehe, na mahali kilipotoka. Kama ni wewe utakayepeleka maabara, usiondoke kabla hujauona ule uzi ukielea au umezama ndani. Niliwahi kupokea chupa ambayo kinyama chake kilikuwa kimenasa kwenye mfinyo wa kifuniko, kimekauka kama ukoko.

Fomalini haihitaji barafu. Usiigandishe, usiifungue kunusa, inachoma macho na ni sumu. Funga chupa kwenye mifuko miwili ya plastiki, isimamishe wima ndani ya kopo, uiweke mbali na watoto na vyakula. Fomu ya maabara ikae mfuko wa nje isije ikalowa.

Kisa kilichoniuma kuliko vyote: mama mmoja alichomwa mahali fulani, kinyama kikatiwa kwenye maji ya chumvi kwa kuwa fomalini ilikuwa imeisha, kikasafiri usiku kucha kwa basi kwenye joto. Kilipofika kilikuwa kimeoza. Alichomwa tena, na wiki tatu zikapotea.

Hata hivyo usigombane ukiona kipande kimoja kinawekwa kwenye chupa ya maji ya chumvi makusudi. Kama TB inashukiwa, kipande cha kuoteshwa hakitiwi fomalini, kwa sababu itaviua vijidudu vyenyewe. Uliza tu, “Hiki kinakwenda wapi, na kifike saa ngapi?”

9. Kulala baada ya kuchomwa. Mara nyingi utalazwa ubavu wa kulia, ini likijikandamiza lenyewe kwenye mbavu. Presha na mapigo hupimwa kila dakika 15 saa ya kwanza, kisha kwa nafasi kubwa zaidi. Utakaa kwa muda wa saa 2 hadi 4, hospitali nyingine hadi 6. Usiamke kwenda msalani peke yako. Kuvuja damu kwingi kwa hatari humpata chini ya mtu mmoja kati ya mia, na mara nyingi huanza saa hizi za mwanzo. Ndiyo maana hatukuruhusu mapema hata ukijihisi mzima kama kigogo cha mkoko.

10. Usiku wa kwanza usirudi Lamu. Wa Malindi alale kwao ikiwa kuna mtu na gari la dharura liko karibu, na aliyechomewa Mombasa alale Mombasa. Boti linalorushwa na mawimbi kati ya Mokowe na kisiwani si mahali pa kugundua kwamba unavuja damu ndani. Siku inayofuata, kama huna maumivu makali wala kizunguzungu, safiri. Wiki nzima usibebe mitungi ya maji, usivute jahazi, usipande punda.

Kwa maumivu tumia paracetamol kwa kipimo alichoandika daktari, maana ini bovu halivumilii nyingi. Achana na diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Dawa za kuzuia damu kuganda urudi nazo lini? Tarehe hiyo iandikwe kwenye karatasi kabla hujatoka wadini.

11. Majibu. Kwa kawaida ni wiki moja hadi mbili. Maabara ikihitaji kupaka rangi za ziada ili kujua saratani ilianzia wapi, muda huongezeka. Andika namba ya sampuli na namba ya simu ya maabara, na usitegemee kupigiwa.

Ukikwama

“Bega la kulia linauma, na mimi nimechomwa ubavuni.” Wengi hupata hivyo. Mshipa wa fahamu wa ule ukuta unaotenganisha kifua na tumbo hupeleka maumivu begani. Yakipungua kwa paracetamol, tulia. Yakizidi, rudi.

Rudi hospitali mara moja, hata usiku wa manane, ukiona tumbo linakuwa gumu au linavimba, jasho la baridi, moyo kwenda mbio, kuzirai, kushindwa kupumua, homa yenye kutetemeka, macho kuwa manjano zaidi, choo cheusi kama lami, au kutapika damu. Mwambie wa kwanza utakayemkuta mlangoni: “Nimetolewa kinyama cha ini jana.” Maneno hayo yatangulie maelezo mengine yote.

“Nimeambiwa tumbo lina maji.” Maji mengi hufanya ini lielee na damu ikose pa kujibana. Huenda yakanyonywa kwanza, au kinyama kichukuliwe kupitia mshipa wa shingo mahali penye vifaa hivyo.

“Pleteleti zangu ni chache.” Usinunue juisi ya majani ya papai ukarudi kesho yake. Daktari anaweza kukuongezea pleteleti, kubadilisha njia, au kuahirisha.

Jibu linasema “kinyama hakitoshi” au “nekrosisi tupu”. Maana yake sindano iliangukia sehemu iliyokufa katikati ya uvimbe, au kipande kilikuwa kidogo. Halisemi kwamba huna ugonjwa. Rudi na picha, daktari achague ukingo ulio hai.

Jibu linasema “hakuna saratani”, lakini picha inaonyesha uvimbe unakua. Usifanye karamu bado. Majibu mawili yasiyopatana yanahitaji daktari wa picha na mwanapatholojia, yule anayesoma kinyama maabara, wayatazame pamoja, na pengine kinyama kichukuliwe tena.

“Nataka maoni ya daktari mwingine.” Huhitaji kuchomwa upya. Kinyama chako kimehifadhiwa ndani ya kipande cha nta kule maabara. Omba kwa maandishi nta hiyo au vioo vyake vya hadubini, tia sahihi ya kuvichukua, na uvibebe mkononi, mbali na jua. Nta inayeyuka.